Mieleka ya Televisheni na Shingo ya Mtoto Wako

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine baadhi yenu mtaona si la ukurasa wa afya. Ni mieleka ya kulipwa ya Marekani, ambayo watoto wetu wanaitazama katika televisheni, katika simu za kaka zao na katika vibanda vya video. Katika mieleka hiyo nitachagua mbinu moja tu: ile ya kumgeuza mwenzako miguu juu kichwa chini, kisha kumshindilia sakafuni. Kwa Kiingereza inaitwa paildraiva. Jina hilo limetokana na mashine ya kushindilia nguzo ardhini, na mtu akiiona mbinu hiyo mara moja hahitaji kuelezwa kwa nini ikaitwa hivyo.

Sababu ya kuichagua ni hii. Jioni moja wakati wa likizo ya shule nilikuwa zamu hospitalini kwetu. Waliletwa kwangu watoto wawili. Mmoja, wa miaka 11, aliletwa kwa pikipiki, amekalishwa wima katikati ya dereva na mjomba wake, kichwa kikiyumba kila penye shimo. Wa pili, wa miaka 13, alikuja nyuma kwa miguu, akakaa kwenye benchi la nje, akakataa kuingia.

Yule mdogo hakuwa analia. Nilimwuliza anaumwa wapi, akaniambia, "Sista, mikono inachoma kama nimepakwa pilipili." Nilimwambia anishike vidole vyangu, anibane kwa nguvu. Mkono wa kulia ulibana kidogo. Wa kushoto haukubana. Miguu aliweza kuichezesha. Nikamlaza pale pale, nikaita daktari.

Baadaye nilitoka nje kwa yule wa miaka 13 nikamwuliza ilikuwaje. Akasema walikuwa wakicheza mieleka kwenye godoro, akamnyanyua mdogo wake kichwa chini, akakaa. Nikamwuliza kama hakujua kwamba ni hatari. Akanijibu, "Baba alisema wale hawaumii, wanaigiza tu."

Wazazi, jibu lile lilinichoma mimi mwenyewe. Maana mwezi mmoja kabla ya hapo watoto wa mdogo wangu walikuja kwangu kusalimia. Niliwakuta wanatazama mieleka hiyo hiyo, nami nikapita na sufuria yangu nikisema, "Uongo mtupu huo, hakuna anayeumia hapo." Wakacheka, nikaenda jikoni. Miaka yangu yote ya uuguzi, na neno nililowapa watoto lilikuwa lile lile alilowapa yule baba. Kwa hiyo leo sisemi na ninyi kama mtu asiye na kosa.

Je, ni mchezo wa kweli au wa kuigiza?

Tuanze hapo, kwa sababu ndipo watoto wanapotupita. Ni kweli kwamba mshindi wa mieleka hii hupangwa kabla. Hiyo si siri tena. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, ambayo siku hizo iliitwa WWF na tangu mwaka 2002 inaitwa WWE, iliwaeleza watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yao ni burudani na si mashindano ya kweli. Walifanya hivyo ili wasibanwe na sheria na gharama zinazoihusu michezo kama ndondi.

Na hata hii mbinu ya kushindilia kichwa imewahi kutumika kuwadanganya watu wazima. Katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, ilikuwa imetangazwa kuwa marufuku kwa ajili ya hatari yake. Tarehe 5 Aprili 1982 mchekeshaji wa televisheni aliyeitwa Andy Kaufman alipanda ulingoni hapo kupambana na bingwa wa mji, Jerry Lawler. Lawler alimshindilia kichwa, akanyimwa ushindi kwa kutumia mbinu iliyokatazwa, na Kaufman akaondolewa kwa gari la wagonjwa. Baada ya hapo alionekana hadharani akiwa amevaa kola ya shingo, na watu wengi walimwonea huruma. Kaufman alifariki mwaka 1984. Ilipita miaka mingine kadhaa ndipo ikajulikana wazi kwamba yeye na Lawler walikuwa wamepatana tangu mwanzo.

Mtu akisikia habari hiyo atasema, "Basi, si niliwaambia? Uongo mtupu." Lakini ngoja kwanza tuone mbinu yenyewe inavyofanywa, maana uongo uko mahali pamoja na ukweli uko mahali pengine.

Inavyofanywa na waliofundishwa

Mnyanyuaji husimama mbele ya mwenzake aliyeinama. Hukibana kichwa cha mwenzake katikati ya mapaja, humkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, kisha humnyanyua mpaka miguu ikaelekea juu. Hapo mnyanyuaji hukaa kitako kwa kishindo, au hupiga magoti. Mtazamaji huona kichwa kimeteremka kama mchi unavyoteremka katika kinu.

Lakini kichwa hakifiki. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujua. Mwenye kufanya vizuri hukiweka kichwa cha mwenzake juu ya usawa wa mapaja yake. Akikaa, kinachogonga sakafu ni makalio na mapaja yake yeye mwenyewe. Akipiga magoti, kinachogonga ni magoti na miguu yake. Kati ya utosi wa mwenzake na sakafu hubaki nafasi. Ni nafasi ndogo, ya vidole kadhaa tu, lakini maisha ya mtu yamo humo.

Jambo la pili, anayenyanyuliwa naye anafanya kazi. Mtu wa kilo 100 hanyanyuliki kirahisi hivyo asipotaka. Anaruka kidogo kumsaidia mwenzake, anashika mapaja yake, anakaza mwili mzima ili asiteleze kwenda chini. Mnaona ni watu wawili wanaopigana, kumbe ni watu wawili wanaobebana.

Jambo la tatu ni sakafu. Ulingo wa kampuni hiyo una upana wa futi 20 kwa futi 20. Chini kuna vyuma, juu ya vyuma zimepangwa mbao, juu ya mbao kuna sponji nyembamba, kisha turubai. Mbao hizo hulia sana na hunepa kidogo, ndiyo maana kishindo ni kikubwa. Lakini si godoro, na wanamieleka hufundishwa kwa muda mrefu namna ya kuangukia mgongo wa juu na mikono kabla ya kuruhusiwa kupanda mbele ya watu.

Kwa hiyo ugomvi ni wa kuigiza, na mshindi ni wa kupangwa. Lakini uzito wa mwili ni wa kweli, sakafu ni ya kweli, na shingo ni ya kweli. Hakuna aliyepatana na sakafu.

Siku nafasi ile ilipokosekana

Tarehe 3 Agosti 1997, katika mji wa East Rutherford, Steve Austin alipambana na Owen Hart. Mji huo uko New Jersey, jimbo lile lile ambalo watunga sheria wake walikuwa wameelezwa kwamba mieleka ni burudani tu. Austin ni Mmarekani wa Texas aliyekuwa akipendwa sana siku hizo. Hart alikuwa Mkanada, mtoto wa ukoo mashuhuri wa wanamieleka, na alihesabika miongoni mwa mafundi wa kazi hiyo. Ilikuwa imepangwa Austin ashinde na kuchukua mkanda.

Austin mwenyewe amesimulia kwamba kabla ya pambano walizungumza juu ya mbinu hii. Yeye alitaka kuhakikisha kwamba mwenzake angeshuka kwa kupiga magoti. Hart akamwambia hapana, atashuka kwa kukaa kitako. Pambano likaanza wakiwa na maelewano hayo.

Ulipofika wakati, Hart alimgeuza Austin kichwa chini, akamshika kiunoni, akakaa. Lakini kichwa cha Austin kilikuwa kimeshuka mno, kimetokeza chini ya usawa wa mapaja. Ile nafasi ya vidole kadhaa haikuwapo. Utosi uligonga sakafu, na uzito wa watu wawili ukaiangukia shingo moja.

Austin alilala chali akiwa hawezi kusogeza mikono wala miguu. Alimwambia Hart kwa sauti ya chini kwamba hawezi kujongea. Watu maelfu walikuwa wakitazama. Hart akaanza kuzunguka ulingoni akiwazomea watazamaji, ili kumpa mwenzake muda. Baada ya kitambo nguvu zikaanza kurudi kidogo kidogo. Austin akatambaa, akamshika Hart miguu kwa udhaifu, akamkunja ili kumaliza pambano kama lilivyopangwa. Kisha akasaidiwa kuondoka.

Alirudi ulingoni baada ya miezi kadhaa, na mwaka 1998 akawa bingwa mkuu wa kampuni. Lakini shingo haikusahau. Mwaka 2000 alifanyiwa upasuaji wa shingo. Mwezi Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 38, aliacha mapambano. Baada ya hapo alipambana tena mara moja tu, mwaka 2022.

Tazameni, wazazi. Wote wawili walikuwa mafundi, walikuwa na nguvu, walikuwa wamezungumza kabla, na kila mmoja alitaka mwenzake atoke salama. Hata hivyo kosa la vidole vichache lilimlaza mwanaume wa kilo zaidi ya 100. Kwa ajili ya hatari hiyo kampuni yao baadaye iliikataza kwa kiasi kikubwa mbinu hii, ikawaachia wachache sana wenye uzoefu mrefu, kama Undertaker. Huko Meksiko, ambako mieleka inapendwa sana, mbinu hii inaitwa martinete, na kwa desturi ya mieleka yao anayeitumia hunyimwa ushindi.

Shingo ni kitu gani?

Shingo ya binadamu ina pingili saba za mfupa, moja juu ya nyingine. Katikati ya pingili hizo unapita mshipa mkuu wa fahamu, unaotoka ubongoni kwenda mwilini kote. Unene wake ni kama wa kidole cha mwisho cha mkono wako. Kila amri ya kusogeza mkono, kutembea, kuzuia mkojo na hata kuvuta pumzi hupita humo. Mishipa inayouendesha msuli mkubwa wa kuvutia pumzi hutoka kwenye pingili ya tatu, ya nne na ya tano. Anayevunjika juu ya hapo anaweza kushindwa kupumua kabla hajafika hospitalini.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo tano, kama mfuko wa unga wa kilo tano. Shingo imeumbwa kwa mpindo kidogo, na mpindo huo pamoja na misuli hupunguza mshtuko tunapotembea au kuruka. Lakini mtu akiinamisha kichwa kidogo, shingo hunyooka kama fimbo. Ikigongwa kwa juu ikiwa imenyooka hivyo, hakuna cha kupunguza nguvu. Pingili hubanwa kati ya kichwa kilichosimama ghafla na mwili unaoendelea kushuka. Ndivyo inavyokuwa pia kwa anayepiga mbizi katika maji mafupi, au anayeanguka kutoka mwembeni kwa kichwa.

Mtoto si mtu mzima aliyefupishwa. Kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili, misuli ya shingo bado ni dhaifu, na kano zinazoshika pingili bado ni laini na zinavutika. Kwa ajili ya ulaini huo, pingili za mtoto zinaweza kuteleza, kuubana mshipa wa fahamu, kisha zikarudi mahali pake. Hapo picha ya eksirei inaweza isionyeshe mfupa uliovunjika, na huku mtoto ameumia kweli. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mtoto wetu. Picha ilikuwa safi, lakini mkono ulikataa kubana. Ilibidi apelekwe hospitali ya rufaa kwenye kipimo kikubwa zaidi.

Fikirini pia yule anayenyanyua. Mtoto wa miaka 13 hana nguvu ya kumshika mwenzake akabaki pale pale. Mwili unateleza. Naye hajui habari ya nafasi kati ya kichwa na sakafu, kwa sababu katika televisheni kazi nzima ya mafundi wale ni kuificha nafasi hiyo isionekane. Mtoto anaiga kile anachokiona, na kile kinachomwokoa mtu hakionekani.

Wengine hudhani godoro linatosha. Godoro la sponji hubonyea na kukishika kichwa, halafu mwili unaendelea kushuka juu yake. Msitegemee godoro.

Mtoto akianguka kwa kichwa au shingo

Yule mtoto alipoanguka, majirani walifika kwa upendo. Mmoja alimkalisha. Mwingine alimvuta kichwa ili "kuirudisha shingo". Wa tatu alimchua kwa mafuta. Kisha wakampakia kwenye pikipiki. Simlaumu hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha. Basi tujifunze sasa.

1. Msimwinue wala msimkalishe. Mwacheni alale alivyo, isipokuwa kama kuna hatari pale alipo, kama vile moto, maji au magari.

2. Mtu mmoja apige magoti upande wa kichwani, akishike kichwa kwa mikono miwili kando ya masikio, kisiyumbe. Asikivute na asikigeuze. Kama shingo imepinda na kuinyoosha kunaleta maumivu, ikaeni hivyo hivyo.

3. Zungumzeni naye kwa upole. Mwambieni asigeuze kichwa wala asikitikise kwa kusema ndiyo au hapana, ajibu kwa mdomo. Mwulizeni kama anahisi mkimgusa mikono na miguu, na kama anaweza kuchezesha vidole.

4. Msimchue, msimkande, msimpe chakula wala kinywaji. Huenda akahitaji upasuaji, na tena anaweza kupaliwa.

5. Akitapika, au akiwa amezirai na mate yanamkwama, mgeuzeni kwa ubavu. Lakini watu watatu au wanne wafanye kwa pamoja: kichwa, shingo na mwili vigeuke kwa wakati mmoja kama gogo. Aliyeshika kichwa ndiye anayetoa amri.

6. Asipopumua, pumzi inatangulia shingo. Inueni taya lake la chini kwa mbele bila kukunja shingo, na mwenye kujua huduma ya kwanza aanze mara moja kumsaidia pumzi na kumkandamiza kifua.

7. Kumsafirisha, tumieni ubao mpana au mlango uliong'olewa. Mwingizeni juu yake kwa kumgeuza kama gogo. Wekeni khanga au mablanketi yaliyoviringishwa kando zote mbili za kichwa, kisha mfungeni kichwa na mwili kwa vitenge ili asiyumbe, bila kumbana kifua. Tafuteni gari ambalo anaweza kulala, hata kama ni la mizigo. Ni afadhali kusubiri gari kwa muda kuliko kumkalisha kwenye pikipiki. Mkiweza, pigieni simu zahanati au hospitali mkaulize.

Mpelekeni hospitali haraka mkiona mojawapo ya dalili hizi: maumivu ya shingo, ganzi, kuchoma au kuwashwa katika mikono au miguu, mkono au mguu kukosa nguvu, kushindwa kukojoa au mkojo kutoka wenyewe, kupumua kwa shida. Pia kama ameumia kichwa: kutapika tena na tena, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, au damu na majimaji kutoka puani au masikioni.

Ganzi ikija na kuondoka baada ya dakika chache, msiseme amepona. Ni dalili kwamba mshipa wa fahamu umeguswa, na unaweza kuvimba baadaye. Aletwe, hata kama anakimbia.

Yule aliyenyanyua

Kuna mtu mmoja ambaye katika ajali kama hizi tunamsahau, naye ni yule aliyenyanyua.

Tarehe 5 Oktoba 1999, huko Uniondale, jimbo la New York, mwanamieleka Darren Drozdov, aliyewahi kucheza mpira wa miguu wa Kimarekani na timu ya Denver Broncos, alinyanyuliwa na mwenzake aitwaye D'Lo Brown. Haikuwa mbinu ya kushindilia kichwa. Ilikuwa ile ya kumpandisha mwenzako juu na kumbwaga chini kwa mgongo, ambayo wengi waliifanya kila wiki. Safari hii mshiko haukukaa sawa. Drozdov alianguka kwa kichwa, akavunjika shingo, akapooza tangu shingoni kwenda chini. Aliishi hivyo karibu miaka 24 mpaka alipofariki mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 54. Muda wote huo alisema wazi kwamba ilikuwa ajali na kwamba hamlaumu Brown.

Ni neno kubwa kulisema mtu aliye katika kiti cha magurudumu. Lakini nani atamwambia mtoto wa miaka 13 neno kama hilo? Yule kijana alikaa kwenye benchi letu mpaka usiku. Watu wa nyumbani kwao walipita mbele yake wakienda kumwona mdogo wake, na kila aliyepita alimtupia neno. Baba yake alikuwa wa mwisho kufika. Nilimweleza hali ya mgonjwa, na pia nikamweleza alichoniambia mtoto wa kwenye benchi. Alinyamaza kwa muda. Kisha akatoka nje akakaa karibu naye. Waliyozungumza siyajui, ila baadaye waliingia wodini wote wawili.

Mtoto mdogo alikaa hospitali ya rufaa majuma matatu. Mshipa ulikuwa umebanwa na kuvimba, haukukatika. Nguvu zilirudi, kwanza mkono wa kulia, kisha wa kushoto kwa taratibu. Leo anasoma, anakimbia na kuchunga mbuzi, lakini mkono wa kushoto huchoka upesi na vifungo vya shati vinamsumbua. Sisi wauguzi tunamhesabu kuwa mwenye bahati kubwa.

Tuwaambie nini watoto?

Sisemi mzime televisheni na kuwanyang'anya simu. Mkizima nyumbani watatazama kwa jirani. Nasema tubadili maneno yetu.

Kwanza, tusiwaambie "ni uongo tu." Mtoto akisikia ni uongo, anaelewa kwamba haiumizi, basi kwa nini asijaribu? Mwambieni ukweli wote: mshindi amepangwa, lakini miili haikupangwa. Wale ni watu wazima waliofundishwa kwa miaka, na bado wengine wamepooza.

Pili, kaeni nao mara moja mtazame pamoja. Mwambie mtoto asitazame mwanguko, atazame kichwa. Kimepita wapi? Kimegonga, au hakikugonga? Ni nini kilichotangulia kufika sakafuni? Akishaiona ile nafasi, hataitazama tena mieleka kwa macho ya zamani. Nilifanya hivyo na watoto wa mdogo wangu walipokuja tena. Yule mkubwa alirudisha picha nyuma mara nne, kisha akaniuliza, "Mama mkubwa, sasa akiteleza je?" Nikamwambia habari za Austin, na habari za mtoto wa wodini kwetu.

Tatu, wekeni sheria za nyumbani ambazo hata mtoto mdogo anaweza kuzikumbuka: hakuna kumgeuza mtu kichwa chini, hakuna kumrukia mtu kutoka kitandani, mezani au ukutani, hakuna kumkaba shingo. Wanaotaka kushindana wacheze mieleka ya asili ya kushikana na kuangushana kwa ubavu, penye mchanga au nyasi, mkubwa akiwapo, na aliyesema "basi" aachwe papo hapo.

Nne, mtoto akija kukuambia mwenzake ameumia, usianze na fimbo. Watoto wengi huficha ajali kwa kuogopa kupigwa, na saa zinazopotea hapo ndizo zinazoharibu. Yule wa miaka 13 alikimbia mara moja kuwaita wakubwa. Kwa hilo alimsaidia mdogo wake, na nilimwambia hivyo.

Walimu wa shule za msingi na viongozi wa vikundi vya vijana wakiniita kuwaonyesha namna ya kumgeuza majeruhi kama gogo, nitakuja. Inahitaji saa moja, ubao, vitenge viwili na watu wanne wenye nguvu.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuungua kwa uji na maji ya moto. Hadi hapo, nawatakieni afya njema.